Sukari haipimwi kwa kujisikia: jinsi ya kutumia mashine yako na kuamua mambo ukiwa unaishi na kisukari

Ndugu zangu mnaoishi na sukari, na nyie mnaouguza wazazi wenye sukari, naomba tuongee kuhusu kitu kimoja ambacho kinaumiza watu wengi sana, nacho ni kupima sukari kwa kujisikia. Utasikia mtu anasema leo sukari iko juu naisikia kichwani, anaruka chakula, mwingine anasema mbona niko poa tu, anaacha vidonge wiki nzima. Jamani mwili unadanganya pande zote mbili. Mtu aliyekaa na sukari ya 15 miezi mingi, siku ikishuka mpaka 7 au 8 anaweza kutetemeka na kutoka jasho akadhani inamshuka vibaya, kumbe ndo inarudi panapotakiwa, anakunywa soda anairudisha juu. Halafu yule wa insulini ya miaka mingi ambaye sukari imeshamshuka mara kibao, mwili unaacha kumpa taarifa, yuko na 3 anaongea na wewe vizuri tu halafu ghafla anaanguka. Na ile ya juu juu ya 12, 13 haiumi popote, inaharibu macho, figo na mishipa ya miguu na wewe unaenda kazini kama kawaida. Kwahiyo yote nitakayoandika hapa yanaanzia kwenye namba, sio kwenye hisia, na namba zangu zote za sukari ni za mmol/L, kipimo cha hospitali zetu.

Tuanze na mashine yenyewe. Kabla hujanunua au hujamwambia ndugu yako wa nje akutumie, nenda famasi mbili tatu za karibu uliza wana stripi (vile vijiti vya kuwekea tone la damu) za mashine gani na bei gani, maana mashine unanunua mara moja ila stripi utanunua maisha. Nimeona mashine nzuri kabisa kutoka Marekani imekaa kabatini kwa sababu stripi zake hazipatikani mjini. Tena za Marekani zinasoma kwa kipimo kingine, mzee anapima anaona 126 nyumba nzima inapiga kelele, kumbe hiyo ni 7 tu, unagawanya kwa 18 ndo unapata hii namba tuliyozoea hospitali zetu. Angalia kwenye kioo imeandikwa mmol/L au mg/dL, na hiyo iandike juu ya daftari lako ili hata anayekuuguza asichanganye.

Stripi hazitaki joto wala unyevu. Kile kikopo chake ukishatoa moja funga hapo hapo mpaka kilie, usizihamishie kwenye mfuko wa nailoni, usiweke jikoni wala bafuni, na siku ulipokifungua andika tarehe kwa peni juu yake sababu kampuni nyingi zinakupa miezi michache tu baada ya kufungua hata kama tarehe ya kuisha ni mwakani. Soma kikopo chako kinasemaje.

Sasa kupima. Nawa mikono kwa sabuni na maji, kausha vizuri, hili watu wanalidharau sana. Shangazi yangu siku moja kamenya embe, kajifuta kwenye khanga, kapima, mashine ikasema 16.2, akaanza kulia kabisa na kutafuta nauli ya hospitali. Tukamnawisha mikono, tukapima kidole kingine, 8.1. Ni juisi ya embe tu iliyobaki kwenye ngozi. Spiriti peke yake haiondoi sukari ya matunda vizuri kama maji na sabuni, na ukitumia spiriti subiri ikauke. Toboa pembeni ya kidole, sio pale katikati kwenye nyama, pembeni panauma kidogo na hapakusumbui ukishika vitu. Badilisha vidole. Mkono uning'inize chini kidogo damu ije yenyewe, usikamue kwa nguvu maana maji ya kwenye nyama yanachanganyika na damu, majibu yanapotoka. Na kile kisindano ni cha mtu mmoja, hata mume na mke wote wana sukari kila mtu na chake, homa ya ini na virusi vya UKIMWI havijui ndoa.

Jua pia mashine ya nyumbani sio maabara. Inaruhusiwa kupishana na ya maabara kwa kama asilimia 15, kwahiyo 7.8 na 8.4 ni kitu kimoja, usipime mara tano mfululizo kutafuta namba nzuri utamaliza stripi bure. Ikiandika HI maana yake imepita kiwango cha juu inachoweza kusoma, hapo nawa mikono rudia mara moja, ikirudia HI ni hospitali, sio kesho.

Namba za kulenga: kwa watu wazima wengi ambao sio wajawazito, kabla ya kula iwe kati ya 4.4 na 7.2, na masaa mawili tangu ulipoanza kula iwe chini ya 10. Kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu, HbA1c, wengi wanalengeshwa chini ya asilimia 7. Ila mama mjamzito malengo yake ni makali zaidi, na bibi wa miaka 80 mwenye figo zimechoka daktari anaweza kumuachia sukari iwe juu kidogo makusudi kwa sababu kwake kushuka ni hatari kuliko kupanda, kwahiyo usichukue namba za bibi ukajipa wewe. Na kama una selimundu au umepungukiwa damu sana au umeongezewa damu karibuni, mwambie daktari kabla ya kupima HbA1c, kinaweza kutoa jibu lisilo lako.

Haya sasa stripi ni ghali, unapima lini? Hapa ndo watu wengi wanapoteza hela. Wanapima asubuhi tu kila siku, namba ile ile, hawajifunzi chochote. Kama unatumia vidonge vya metfomini peke yake na uko sawa, hauhitaji kupima kila siku. Stripi zako chache zitumie kwa jozi: moja kabla ya kula, nyingine masaa mawili tangu tonge la kwanza, na siku hiyo andika ulichokula na kiasi chake. Wiki hii fanya kwenye chai ya asubuhi, wiki ijayo kwenye chakula cha mchana, inayofuata usiku. Baada ya mwezi utakua unaijua sahani yako kuliko mtu yeyote. Mimi nikiona imepanda zaidi ya 3 hivi kutoka nilipoanzia najua hiyo sahani imenizidi, sio kwamba nimekatazwa hicho chakula, ni kwamba kile kiasi kimenizidi.

Maana hili la vyakula limejaa maneno. Mgonjwa anaambiwa acha wali, acha ugali, kula dona, kula ndizi za kuchemsha, kula mihogo ni asili, anakula mlima wa dona kwa amani kabisa. Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu ina makapi yake, lakini bado ni wanga, na mihogo ni wanga, na magimbi ni wanga, na ndizi bukoba ni wanga, na uji wa lishe wenye mchanganyiko wa nafaka saba ni wanga tena wa kunywa, unaingia haraka kuliko ugali. Namna rahisi ni sahani: nusu nzima mboga, mchicha, matembele, kisamvu, bamia, kabichi, robo samaki au maharage au nyama au dagaa, na robo inayobaki ndo ugali au wali. Anza kula mboga na samaki, wanga malizia. Mtu akinambia robo haishibishi namwambia ongeza mboga, na maharage yako yasiunganishwe na sukari wala nazi tui zito kila siku. Chapati mbili za maji ya kumimina na chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari, pima jozi uone mwenyewe, sina haja ya kukuhubiria. Matunda kula tunda lenyewe, sio juisi, hata juisi ya nyumbani isiyo na sukari ukisaga maembe matatu umekunywa maembe matatu. Soda ya chupa ina sukari zaidi ya gramu 30, hiyo iache iwe dawa ya siku ikishuka, nitaielezea hapo chini.

Baada ya kula tembea. Dakika kumi kumi na tano tu kuzunguka mtaa, misuli inachukua sukari kwenye damu, na hili pia pima siku moja umekaa na siku moja umetembea kwa chakula kile kile. Wengi niliowaambia wafanye hivyo hawajarudi kukaa tena kwenye kochi baada ya msosi wa usiku.

Kuna wanaoniuliza mbona nimelala na 6 sijala kitu nimeamka na 9, nani kaniwekea? Ni ini lako. Alfajiri mwili unatoa homoni za kukuamsha na ini linamwaga sukari, kwa mwenye kisukari hakuna wa kuizuia vizuri. Usijibu hilo kwa kulala njaa. Andika siku kadhaa peleka kliniki, mara nyingi ni suala la dozi au muda wa dawa. Na kwa ujumla usibadilishe dozi kwa namba moja, angalia siku tatu muda ule ule zinasemaje, isipokua kama daktari wako alikupa maelekezo ya kupandisha na kushusha mwenyewe.

Sasa sukari kushuka, na hapa naomba msome taratibu na mumsomee mtu mnayeishi naye. Hatari hii ni ya wanaotumia insulini na vidonge aina ya glibenklamidi na ndugu zake, metfomini peke yake ni nadra. Chini ya 3.9 imeshuka. Dalili ni jasho la baridi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa kali, hasira za ghafla, kuongea ovyo, usiku ni ndoto mbaya na shuka limelowa. Ukiwa na mashine pima haraka, huna mashine fanya kama imeshuka. Vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji nusu glasi, koroga kunywa, au nusu chupa ya soda ya kawaida. Soda ya ziro haisaidii kitu chochote. Chokoleti na maziwa yenye mafuta yanachelewa, chapati inachelewa zaidi. Subiri dakika 15, pima tena, kama bado chini ya 3.9 rudia kile kile. Ikishapanda kula kitu cha kukaa tumboni, kipande cha mkate na yai, ndizi na karanga, kama mlo wako hauko karibu. Watu wanakosea kwa hofu, wanakunywa soda nzima na asali na keki kwa mpigo, baada ya saa moja wako 18.

Akiwa amezimia au hawezi kumeza USIMWEKEE KITU MDOMONI, wala maji ya sukari, kinaenda kwenye mapafu. Mlaze ubavu, bodaboda, bajaji, gari la jirani, chochote, hospitali. Na kama iliyomshusha ni glibenklamidi, hasa mzee au mwenye figo mbovu, hata akiamka akacheka bado mpelekeni, ile dawa inakaa mwilini na inaweza kumshusha tena usiku au hata siku inayofuata. Nalisema kwa mkazo sababu familia zinamrudisha mtu nyumbani wakishukuru Mungu halafu alfajiri wanamkuta hajitambui.

Pombe pia. Ini likiwa linashughulika na pombe halitoi sukari, kwahiyo mtu wa insulini aliyekunywa bila kula anaweza kushuka masaa mengi baadae, na watu wanamwacha alale wakidhani kalewa. Kama unakunywa kula kwanza, pima kabla ya kulala, na mmoja wa wale unaokaa nao ajue una sukari. Na nyie madereva, wa daladala, bodaboda, malori, kama mnatumia insulini au hivyo vidonge pimeni kabla ya kushika usukani, chini ya 5 kula kwanza, na vipipi au glukosi vikae mfukoni sio kwenye begi nyuma.

Ukiumwa malaria au homa au kuharisha mambo yanabadilika. Wengi wanasema sijala kwahiyo sichomi insulini, hapana, ugonjwa wenyewe unapandisha sukari, na mwenye kisukari cha aina ya kwanza, yule ambaye mwili wake hautengenezi insulini, akiacha insulini kabisa anaingia kwenye hali mbaya ndani ya siku moja au mbili. Pima kila masaa machache, kunywa maji kwa wingi, pigia kliniki. Kutapika, tumbo kuuma, kupumua kwa nguvu na kwa kina, mdomo kunuka kama matunda yaliyoiva sana, hiyo ni dharura. Metfomini ukiwa unatapika na kuharisha sana piga simu uulize usimamishe kwa muda, maana mwili ukikauka maji figo zinaelemewa. Na kwinini ukipewa, jua yenyewe inashusha sukari, waambie wanaokutibu una kisukari wakupime mara kwa mara.

Insulini na umeme wetu huu. Ambayo hujafungua ikae kwenye friji nyuzi 2 hadi 8, sio friza, ikishaganda itupe hata kama imeyeyuka inaonekana nzima. Unayotumia inaweza kukaa nje kama wiki nne mahali pa kivuli na ubaridi. Kwa wasio na friji kuna habari njema ya kweli, Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walifuatilia joto la nyumba kwenye kambi ya Dadaab kule Kenya, wakapima insulini kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne, nguvu yake ikabaki vizuri, utafiti ulitoka mwaka 2021. Chungu cha udongo chenye mchanga uliolowa maji, chupa ndani ya kikopo kikavu, kinashusha joto vizuri. Kinachoua insulini ni dirisha la jua, dashibodi ya gari na juu ya bati. Ile ya rangi ya maziwa izungushe kwenye viganja kabla ya kuvuta usiitikise kwa nguvu, ikiwa na mabonge yasiyoisha itupe. Badilisha sehemu za kuchoma, ukichoma pale pale kila siku panatoka uvimbe mgumu, dawa inaingia leo haiingii kesho, namba zinayumba unalaumu chakula. Papasa tumbo lako kwa vidole sasa hivi.

Ramadhani. Wa insulini, wa glibenklamidi, wajawazito, wenye figo, nenda kliniki mwezi mmoja au miwili kabla mpangiwe dozi, au mwambiwe ukweli kwamba mwaka huu msifunge, ruhusa ya mgonjwa ipo kwenye Kurani yenyewe. Kutoboa kidole hakufunguzi. Ukifunga ikawa chini ya 3.9 au juu ya 16.6 fungua hapo hapo hata kama imebaki nusu saa adhana. Futari anza na maji na tende moja mbili, kaimati na tambi za sukari na uji wa tui kwa pamoja usiku mmoja ndo vinavyowapeleka watu hospitali wiki ya kwanza, na daku usiiruke.

Kuhusu mlonge, mdalasini, juisi ya bamia na vidonge vya asili vya kwenye mabasi, kula mlonge wako kama mboga, ila usiache dawa ya hospitali ukaweka hiyo. Na ukinunua kidonge kinachoshusha sukari kwa kasi ya ajabu jiulize kuna nini ndani, Singapore mwaka 2008 watu walilazwa sukari imeshuka vibaya kwa sababu ya vidonge haramu vya nguvu za kiume, walipovipima wakakuta glibenklamidi humo.

Miguu kila usiku, hata dakika mbili. Chini ya unyayo tumia kioo au mwite mtoto aangalie, katikati ya vidole kausha, viatu vikung'ute kabla ya kuvaa. Usitembee peku hata uani, usikanyage maji ya moto kabla ya kupima joto kwa kiwiko, usikate sugu kwa wembe. Mguu wenye ganzi unaweza kukanyaga msumari asubuhi ukaja kujua jioni kwa damu ndani ya soksi. Kidonda chochote, hata kisichouma, hasa kisichouma, nenda siku hiyo hiyo. Macho yachunguzwe kila mwaka, mkojo upimwe protini, na presha ipimwe kila unapoenda kliniki.

Ukienda kliniki beba daftari na mashine yenyewe, na dawa zote kwenye mfuko mmoja pamoja na za asili usifiche. Daftari safu nne zinatosha: tarehe na saa, namba, umekula nini, umetumia dawa gani. Usiandike namba nzuri za kumfurahisha nesi, atakupandishia au atakushushia dozi kwa hizo hizo. Mwambie pia kama umeshindwa kununua dawa mwezi huu au stripi zimeisha, mara nyingi kuna dawa nyingine ya bei nafuu anayoweza kukuandikia badala ya wewe kugawa kidonge nusu nusu kimya kimya. Na kabla hujatoka chumbani muulize maswali mawili, lengo langu mimi ni namba gani, na ikifika ngapi nije bila kusubiri tarehe, majibu yake yaandike kurasa ya kwanza ambapo kila mtu nyumbani anaweza kuyaona.